Nyumba Haishuki Chini ya Mabati Yake

Baba yangu akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajasalimiana na mwenye nyumba, alikuwa anaangalia juu. Kwanza paa, halafu watu. Mama alimkemea kwa tabia hiyo miaka yote waliyoishi pamoja, hasa siku za msiba, akimwambia watu watadhani anakadiria mali ya marehemu. Baba aliomba radhi, akashusha macho, akatoa pole kwa adabu, na baada ya muda kidogo shingo ilikuwa imerudi kule kule. Alikuwa fundi wa mapaa. Mabati mengi yaliyokuwa yanang'aa kutoka Kitendaguro, tulikoishi, kushuka hadi Bukoba mjini, aliyapigilia yeye au mtu aliyemfundisha yeye, na yale ambayo hakuyapigilia alikuwa anayajua kwa makosa yake.

Kazi hiyo ilimpa nadharia, na nadharia ikampa sifa. Alisema nyumba ikianza kushuka bei haisimami kwenye kuta, kwa sababu kuta ni udongo. Haisimami kwenye migomba na mibuni inayoizunguka, kwa sababu kibanja kisipopaliliwa kinageuka pori upesi sana. Itashuka mpaka kwenye mabati, na hapo itasimama, kwa kuwa bati unaweza kuling'oa, ukalipakia kwenye lori na kuliuza kwingine. Ili ajue bei imebakiza safari gani, aliomba mlango na madirisha vifungwe mchana, akasimama katikati ya sebule akitazama vitobo vya misumari vinavyopitisha mwanga. Vitobo vikiwa vingi, bati limechoka, bei bado itateremka. Vikiwa vichache, imekaribia kufika.

Watu walianza kumwamini wakati wa vita. Mabomu yalipoanza kusikika, wako waliouza nyumba kwa haraka ya mtu anayeuza ndizi mbivu jioni. Baba aliwaambia jirani zetu kwamba bei zitafika kwenye mabati na hazitapita hapo. Zikafika, zikasimama. Vita vilipokwisha mabati yalikuwa hayapatikani popote, nyumba zikapanda tena, na baba akaacha kuwa fundi tu. Walikuja wanunuzi, wakakaribishwa kahawa ya kutafuna, wakazunguka na maneno ya hali ya hewa, halafu, kwa kuanza na neno letu la heshima, wakauliza kile walichokuja kuuliza: "Waitu, hii itashuka mpaka wapi?" Baba alijishika kidevu kama daktari. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi wakati huo, na nilikuwa natoka nje ili nikacheke.

Kisha ukaja ugonjwa, na sikucheka tena sana.

Wengi wameeleza miaka ile, na mimi sina haja ya kurudia yote. Nitasema tu kwamba vita viliondoka kwa barabara viliyokuja nayo, ila ugonjwa ulikaa nasi mezani. Tulikuwa tunavaa nguo za msiba mara nyingi kiasi kwamba mama aliacha kuzikunja na kuziweka sandukuni. Zilining'inia nyuma ya mlango. Nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine. Baba alizika kaka yake, akamzika mdogo wake, akamzika dada yao aliyeolewa ng'ambo ya mji. Katika watoto wa tumbo moja walibaki wawili, yeye na dada yake mkubwa, shangazi yangu, ambaye ndiye hasa ninayetaka kumsimulia.

Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alivuka kwenda visiwa vya Muleba, akanunua dagaa na samaki wa kukaushwa kwa wavuvi waliotoka kila kona ya ziwa, akauza katika masoko ya bara. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya gulioni, na alipocheka vikombe vilitetemeka. Alikuwa ameachana na mume zamani, hakujaliwa mtoto, na alipozikwa yule dada yao mwingine alirudi kukaa nasi Kitendaguro, kwenye chumba cha nyuma, na harufu yake ya dagaa ikaingia mpaka kwenye madaftari yangu. Nilimpenda sana. Baba naye alimpenda, ingawa ungewasikia jioni ungedhani wanataka kupigana. Walibishania mvua, maparoko, chumvi katika ndizi, na nani kati yao alianguka mtini wakiwa wadogo. Mama alikuwa anawaacha hapo, anaenda kulala, na asubuhi anawakuta wameamka mapema kumalizia ubishi.

Shangazi alikuwa anataka kitu kimoja tu: nyumba yake. Nyumba iliyo ndani ya kibanja chake, ambamo angeishi, na siku ikifika azikwe humo humo. Kwetu kibanja cha baba kilirithiwa na watoto wa kiume. Binti aliyerudi nyumbani alipokelewa vizuri, alipewa chumba na sahani, lakini alikuwa anakula kwa kaka yake. Siku moja tukimenya ndizi aliniambia, "Leo kaka zako wananiita shangazi. Kesho wataoa, na wake zao wataniita yule bibi wa chumba cha nyuma. Na nikifa watanitafutia pembe ya kunizikia. Mimi sitaki pembe, bojo mwanangu. Nataka mtu asiulize huyu alikuwa wa nani."

Nyumba aliiona Kishanda, kule Muleba, katika safari zake za masoko. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyezika wanawe wote wa kiume, akabaki na wajukuu. Alitaka kuuza ahamie Kimwani kwa binti yake wa pekee aliyebaki, ili wajukuu wapate mtu wa kuwapikia na ada ya shule. Kibanja kilikuwa kizuri, mibuni mikubwa, migomba iliyoanza kuzidiwa na majani. Makaburi ya wale vijana yalikuwa nyuma ya nyumba, bado udongo haujatulia, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanawafukuza wanunuzi. Shangazi hayakumtisha. Alisema marehemu hawatamwibia mkungu.

Alimchukua baba akaione, nami nikawafuata kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Baba aliingia, akaangalia juu, kisha akakumbuka kumwamkia mzee. Madirisha yakafungwa. Tulisimama gizani, mimi na shangazi na yule mzee na wajukuu wake, sote tumeinua shingo kama kuku wanaokunywa maji. Paa lilikuwa zima karibu lote, mabati ya geji nene ya kabla ya vita. Mzee alitaja bei, bei ya haki kwa nyumba ile. Tulipotoka nje baba alimvuta dada yake pembeni ya mibuni.

"Usinunue," alisema. "Bado haijafika kwenye mabati. Subiri msimu mmoja."

"Wapwa zake je? Hawataki wao? Ni ardhi ya ukoo."

"Wameulizwa. Wamesema hawana kitu. Nani ana kitu sasa hivi? Subiri, dada."

Wapwa hao, kama tunavyowaita huku kwa kuchanganya mambo, walikuwa watoto wa ndugu wa yule mzee, vijana watatu au wanne wenye biashara ndogo mjini Muleba. Kwa desturi ndio waliotakiwa kuulizwa kwanza. Shangazi aliwatazama wale vijana waliokuwa wamekaa kwenye kibaraza wakichimbua meno. Kisha akakubali kusubiri.

Alisubiri msimu huo wa kahawa. Bei ikashuka kama baba alivyosema. Shangazi akafungua sanduku lake la pesa, baba akasema bado, wanunuzi wa mjini wameogopa, itashuka tena. Ikashuka tena. Msimu mwingine baba akapata habari kwamba bei ya kahawa itaanguka, kwa hiyo vibanja navyo vitaanguka. Baada ya hapo ilikuwa mvua ya mawe. Kila mara alikuwa sahihi, na kila mara sababu yake ilikuwa mpya, na jioni walikaa jikoni wakibishana, vikombe vikitetemeka.

Mama ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Baba yako angekuwa anataka kweli dada yake anunue, wangekuwa wamemaliza zamani," alisema. "Amebaki naye peke yake. Unafikiri ni bei anayoiangalia?"

Nilikasirika kwa niaba ya shangazi. Lakini jioni ile nilimtazama baba akimcheka dada yake, amejifuta machozi kwa mkono wenye vumbi la kutu, na hasira ikaniishia. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe nilikuwa sitaki chumba cha nyuma kiwe kitupu.

Halafu siku ikafika. Habari zilitoka Kishanda kwamba mtu wa mjini amemwendea yule mzee akitaka kununua paa tu. Angeng'oa mabati na mbao za kenchi, aondoke navyo, nyumba ibaki wazi inyeshewe. Mzee alikuwa amechoka, ada za wajukuu zilikuwa zinamsubiri, na alikuwa karibu kukubali. Baba alifurahi, akapiga paja lake. "Si niliwaambia? Imefika kwenye mabati! Nenda sasa, dada, mpe bei ya mabati, na kibanja unakipata bure."

Nadhani alijisikia ameshinda na ameshindwa kwa wakati mmoja, kwa sababu baada ya kusema hivyo alikwenda nje akakaa peke yake.

Shangazi alinichukua niwe shahidi wa upande wake. Tulipofika Kishanda hakwenda moja kwa moja kwa mzee. Alinunua rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyingi kuliko iliyohitajika, akatuma watu wawaite majirani, na akatuma mtu Muleba akawalete wale vijana wa ukoo mmoja mmoja mpaka wote wakafika. Watu walikunywa na kushangaa. Walipokuwa wamekaa vizuri, alisimama na kutaja bei. Ilikuwa ile bei ya kwanza kabisa, ya siku tuliyotazama paa gizani, kabla haijaanza kuteremka. Akaongeza juu yake.

Yule mzee alidhani anafanyiwa mzaha. Alimwomba arudie.

"Pesa nitakupa za karatasi," shangazi alisema, "lakini bei tuitaje kwa ng'ombe. Hizi shilingi zinapungua kila tukiamka." Akataja ng'ombe wengi kwa sauti yake ya gulioni, akawataka vijana wa ukoo warudie idadi hiyo mmoja mmoja, kisha majirani nao wakairudia. Vijana walirudia huku wakikonyezana. Tulipoondoka niliwasikia nyuma yetu wakicheka kwamba kuna mama wa dagaa amepewa paa kwa bei ya rubisi akakataa, akanunua kwa bei ya harusi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kibaraza, mjukuu mdogo amelala magotini pake, analia bila kujificha. Alimwomba shangazi kitu kimoja, aruhusiwe kuja kupalilia makaburi ya wanawe. Shangazi akamwambia aje wakati wowote, atakuta chakula.

Nyumbani sikujua tutasemaje. Shangazi alisema yeye mwenyewe, akiwa bado amesimama mlangoni. Baba aligeuka rangi. Alimwita kichaa, mbele ya mama na sisi watoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Misimu yote hii nimekupimia! Nimekwambia itafika wapi, ikafika pale pale, halafu unakwenda kulipa bei ya juzi!" Shangazi hakubishana. Hapo ndipo nilipoogopa. Alifunga mizigo yake, akakunja magunia yake ya dagaa, na kesho yake akaondoka. Chumba cha nyuma kilibaki kinanuka samaki, na baba akakataza mtu asikisafishe.

Hawakusemezana kwa muda mrefu. Masika ya kwanza yalipoanza kunyesha baba alikosa utulivu. Usiku alisikiliza mvua juu ya bati letu na kusema, bila kuulizwa, kwamba paa la Kishanda lilikuwa na vitobo upande wa jikoni. Siku moja tukaamka hayupo. Alikuwa amebeba nyundo na kopo la lami. Alirudi baada ya siku kadhaa, mikono imejaa lami, akamwambia mama kwamba mibuni ya dada yake ina ndizi nzuri katikati yake. Mama akasema "Aha", na mambo ya ugomvi yakaishia hapo. Tangu siku hiyo hapakupita msimu asikwende Kishanda kuziba kitobo, na vikikosekana vitobo nadhani alikuwa anavitafuta.

Miaka ilipita. Nilimaliza shule, nikaanza kazi mjini. Kahawa ilipanda bei, ikapanda vizuri, na watu ambao hatukuwa tumewaona tangu misiba walianza kurudi vijijini wakiulizia mipaka.

Hapa ni lazima nieleze desturi ambayo sisi sote tuliijua na sote tulikuwa tumeisahau. Kwetu kibanja cha ukoo kikiuzwa, kuuzwa kwake hakuishi siku hiyo. Ndugu wa muuzaji wanaweza kuja hata baada ya miaka, wakamrudishia mnunuzi bei ile ile aliyotoa, wakachukua ardhi yao. Kusema "sina kitu" ulipoulizwa hakukuzuii kurudi siku ukiwa nacho. Katika miaka ya ugonjwa hakuna aliyelifikiria hilo. Koo zilikuwa zimechoka kuzika. Nani angepata nguvu ya kukomboa? Tulidhani desturi yenyewe imezikwa pamoja na watu.

Wa kwanza kuchukuliwa kibanja alikuwa jirani yetu wa Kitendaguro, mtu aliyenunua kwa ushauri wa baba siku ile ile bei ilipogusa mabati. Walikuja ndugu wa muuzaji na pesa zao mkononi, kiasi kile kile alicholipa, mashahidi wakathibitisha. Shilingi ilikuwa imeshuka mno kiasi kwamba pesa ile isingetosha kununua hata kofia ya paa lake. Alikuja kwetu akaketi kwenye kibaraza. Hakumlaumu baba. Alikaa tu, akanywa chai, akaondoka. Baba hakugusa chakula siku hiyo. Wakafuata wengine, na karibu wote walikuwa wamekaa kwenye kibaraza kile kuuliza itashuka mpaka wapi. Waliokuwa wamengoja bei ifike chini kabisa ndio ambao vibanja vyao vilikombolewa kwa urahisi kabisa.

"Kishanda," baba alisema ghafla asubuhi moja, na tukaondoka mimi naye bila hata kunywa chai.

Tuliwakuta wale vijana wameshafika. Sasa walikuwa wanaume wenye vitambi, wamekaa sebuleni kwa shangazi wakitafuna kahawa yake. Yule mzee muuzaji alikuwa amefariki, wakasema, na wao wanataka kurudisha ardhi ya ukoo kwa amani. Shangazi alikuwa anawamiminia chai. Hakuonekana na haraka.

"Ni haki yenu," aliwaambia. "Bei mnaikumbuka? Mliirudia wenyewe hapo nje, na rubisi yangu mikononi mwenu. Leteni ng'ombe wale, hata leo jioni. Mimi mizigo yangu ni michache."

Mmoja akasema walidhani ni pesa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na mwanamke mmoja mzee akaitaja idadi ya ng'ombe kabla hajaulizwa, kisha mwingine, kisha wote. Wale wanaume walitazamana. Wakatazama paa, wakatazama mibuni, wakamaliza chai. Waliaga vizuri, na mmoja wao, mdogo wao, alimshukuru shangazi kwa kutunza makaburi ya binamu zake.

Walipoondoka baba alikuwa bado amesimama, jasho linamtoka kama aliyekuwa juu ya kenchi. "Kumbe ulijua," alisema. "Ulijua siku zote hizo."

"Niliwaona wakichimbua meno kwenye kibaraza," shangazi alisema. "Mtu asiyetaka kitu hakai akakilinda vile. Nikaona nikilipa kidogo, nitakuwa nimewatunzia tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepata sababu nyingine ya kunizuia. Si ungepata?"

Baba alikaa chini. Hakutafuta maneno ya kuzunguka. "Ningepata," alisema. "Nilitaka ubaki. Sikuwa na mwingine."

"Nilijua, waitu. Unafikiri nilikuwa nangoja bei?" Shangazi alicheka, na vikombe vikatetemeka. "Ningeweza kununua siku ile ya kwanza. Nilikaa kwa ajili yako, mpaka yule mtu alipokuja kutaka kung'oa paa, nikaona sasa nitaikosa."

Walibishana mpaka jioni kuhusu nani alianguka mtini.

Shangazi alifariki kwa uzee miaka kadhaa baadaye, usingizini, jambo ambalo tulilishukuru kwa sababu tulikuwa tumesahau kwamba watu hufa hivyo. Tulimzika ndani ya kibanja chake, karibu na wana wa yule mzee, vijana ambao hakuwajua wakiwa hai na aliwapalilia miaka yote. Watu walikuwa wengi, wavuvi walikuja kutoka visiwani, na katikati ya umati nilimsikia mgeni akiuliza huyu mama alikuwa wa nani hapa. Nilitaka kujibu. Aliyenitangulia alikuwa mmoja wa wale wenye vitambi, mwenye jembe mkononi, aliyekuwa anachimba.

"Hakuwa wa mtu," alisema. "Ndiye mwenye nyumba."

Baada ya mazishi baba aliingia ndani kupumzika. Nilimfuata nikihofia asije akaanguka. Mlango ulikuwa wazi, kiti chake cha kila msimu kilikuwa pale pale karibu na jiko, na cha dada yake mkabala. Akapita sebuleni taratibu akiwa ameshika ukuta, akakaa kwenye kiti cha shangazi, na hakuangalia juu.